Mzee Louis Martin na Binti Zake

Wasomaji wetu wengi wanayo nyumbani picha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, yule mtawa kijana wa Karmeli ya Lisieux, Ufaransa, akiwa ameshika msalaba na mawaridi kifuani. Makanisa yaliyowekwa chini ya ulinzi wake ni mengi, na mabinti waliobatizwa kwa jina lake hawahesabiki. Tangu mwaka 2015 baba yake pia, Louis Martin, ni mtakatifu wa Kanisa pamoja na mkewe Zélie. Walakini tukiwauliza waamini wetu baba huyo alikufa kwa ugonjwa gani, wachache watajibu. Hata sisi, tulipokuwa seminari kuu, tulisikia mengi juu ya binti na machache sana juu ya miaka ya mwisho ya baba. Pengine ni kwa sababu ugonjwa wenyewe ni wa namna ile ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini. Mzee Martin alipotewa na akili, akakaa miaka 3 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha akarudishwa nyumbani, akatunzwa kama mtoto mchanga mpaka kufa kwake.

Juma hili twapenda kuyasimulia maisha yake, tukikaa zaidi pale ambapo wengine hupita upesi.

Alizaliwa Bordeaux tarehe 22 Agosti 1823, mwana wa askari mwenye cheo cha kapteni. Akajifunza ufundi wa saa, kazi itakayo jicho kali, mkono usiotetemeka na subira nyingi. Ujanani alitamani utawa. Mwaka 1845 alipanda milima ya Alpi hadi monasteri ya Mtakatifu Bernardo, ambako watawa na mbwa wao wakubwa walikuwa wakiwaokoa wasafiri waliopotea thelujini. Hakupokewa, kwa kuwa hakujua Kilatini. Akajitahidi kujifunza lugha hiyo, akaugua, akaacha. Mwaka 1850 alianza kukaa mjini Alençon, akafungua duka la saa. Usiku wa manane, kuamkia tarehe 13 Julai 1858, akafunga ndoa na Zélie Guérin, mwanamke hodari aliyekuwa na biashara yake mwenyewe ya lesi, kitambaa kile chepesi cha nakshi ambacho mji huo ulisifika kwacho. Mungu akawajalia watoto 9. Wanne wakafa wangali wadogo, wakabaki mabinti 5: Marie, Pauline, Léonie, Céline na Thérèse, ndiye Teresia wetu.

Watu wa Alençon walimjua kuwa mtu wa maneno machache, mpenda kuvua samaki, na samaki aliowapata aliwapelekea watawa Waklara maskini wa mji ule. Siku moja, katika stesheni ya garimoshi, alimkuta mgonjwa wa kifafa asiye na nauli ya kurudi kwao. Martin akavua kofia yake, akatia fedha yake humo kwanza, kisha akapita kwa abiria mmoja mmoja akiomba kwa ajili ya mtu yule. Alikuwa mfanyabiashara mwenye heshima zake, amevaa vizuri, akapita na kofia mkononi kama mwombaji. Twawaomba wasomaji waikumbuke kofia hiyo.

Zélie alikufa kwa saratani tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na umri wa miaka 45. Mzee akabaki na binti 5, mdogo wao akiwa na miaka 4. Marafiki zake wote walikuwa Alençon, na kaburi la mkewe lilikuwa pale. Lakini huko Lisieux alikuwako shemeji yake, Isidore Guérin, mwenye duka la dawa, na mkewe alikuwa mama mwema. Basi, ili watoto wapate kuwa karibu na mjomba wao, mzee akahama miezi michache baadaye, akapanga nyumba yenye bustani iliyoitwa Les Buissonnets. Huko ndiko Thérèse alikokulia, akitembea alasiri na baba yake wakishikana mikono, naye baba akimwita malkia wake mdogo.

Mwaka 1882 Pauline akaingia Karmeli. Mwaka 1886 akafuata Marie. Mzee akawatoa wote wawili bila kunung'unika, ingawa macho yake yalionyesha alivyoumia.

Tarehe 1 Mei 1887, asubuhi, kiharusi kikampiga. Upande wa kushoto ukafa ganzi. Akapona kwa sehemu kubwa, na mwisho wa mwezi ule ule, siku ya Pentekoste, Thérèse alimfuata bustanini akamwomba ruhusa ya kuingia Karmeli akiwa bado na umri wa miaka 14. Mzee akalia, akakubali, akang'oa ua dogo jeupe ukutani pamoja na mizizi yake, akampa. Tarehe 9 Aprili 1888 malango ya monasteri yakafungwa nyuma ya yule binti wa mwisho.

Hapo ndipo ugonjwa ulipojidhihirisha. Kwa maarifa ya leo madaktari wangesema kwamba mishipa ya damu ya ubongo wake ilikuwa imekakamaa, na kila kiharusi kikachukua sehemu ya akili, kama panya achukuavyo ghalani, leo kidogo, kesho kidogo. Mzee akaanza kusahau. Akawaza safari zisizokuwapo. Tarehe 23 Juni 1888 akatoka nyumbani bila kumwambia mtu, asirudi. Hebu wasomaji wafikiri nyumba ile usiku ule. Siku 4 nzima hawakujua yu hai au amekufa. Habari zikafika kwamba yuko Le Havre, mji wa bandari. Céline na mjomba wakaenda upesi wakamtafuta, wakampata tarehe 27. Fikira yake ilikuwa kwenda kukaa mbali peke yake, amtumikie Mungu kama mkaa pweke. Tamaa ile ya ujana, ya kule mlimani kwenye theluji, ilikuwa imerudi, lakini imerudi bila uongozi wa akili. Sisi twaona jambo hili si la kuchekwa. Mtu akipoteza kumbukumbu za jana, mara nyingi hubakiwa na zile za kale, na ndizo humwamsha usiku na kumfungulia mlango.

Maneno ya watu hayakukawia. Mjini Lisieux wakasema kwamba binti zake ndio waliomtia wazimu, kwa kumwacha mmoja baada ya mwingine, na hasa yule mdogo aliyekuwa kipenzi chake. Thérèse aliyasikia. Alikuwa na miaka 15, amefungiwa ndani ya kuta, asiweze kutoka kwenda kujibu wala kumwosha baba yake uso.

Katika ugonjwa wake mzee alikuwa na desturi ya kujifunika kichwa kwa kitambaa. Thérèse alikumbuka kwamba utotoni mwake, siku moja baba akiwa safarini, aliona bustanini mtu aliyefanana naye kabisa, mwenye kichwa kilichofunikwa, akipita kimya hadi akatoweka. Dada zake walitafuta wasimwone mtu. Baadaye alielewa, naye alieleza hayo katika kitabu chake kiitwacho Historia ya Roho. Siku aliyovishwa vazi la utawa, tarehe 10 Januari 1889, alianza kutumia jina kamili tulijualo: Teresia wa Mtoto Yesu na wa Uso Mtakatifu. Uso ule wa Mwokozi uliofunikwa na kudharauliwa aliuona katika uso wa baba yake. Mzee alihudhuria ibada hiyo; akili yake ilitulia siku ile, akamwongoza binti yake kwa heshima yote.

Ilikuwa shangwe yake ya mwisho. Mwezi mmoja haukupita vizuri akaanza kuona vita na maangamizi yasiyokuwapo. Mwana wa kapteni akashika bastola yake, akidhani anawalinda Léonie na Céline. Mjomba na daktari wakaona kwamba hatari imekwisha kuwa kubwa mno. Tarehe 12 Februari 1889 mzee akapelekwa Caen, kilomita kama 50 kutoka Lisieux, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bon Sauveur iliyoendeshwa na masista.

Hapa twataka kusimama kidogo. Kuna wasomaji watakaosema kwamba watoto wema hawampeleki baba yao mahali pa namna hiyo. Wengine watasema kwamba mgonjwa mwenye silaha hawezi kuachwa na wasichana wawili, na neno hilo ni kweli. Maoni yetu ni kwamba mjomba alitenda haki, na kwamba jambo la haki laweza kumchoma mtu moyo maisha yake yote. Familia ambayo imewahi kufanya uamuzi kama huo yatuelewa. Dalili ya upendo tuitafute katika yale yaliyofuata baada ya mlango wa hospitali kufungwa.

Léonie na Céline hawakumwacha peke yake. Walipanga chumba kwa masista wa Mtakatifu Visenti wa Paulo mjini Caen, karibu na hospitali. Kila siku walifika mlangoni kuuliza habari, ijapokuwa ruhusa ya kumwona ilikuwa mara moja tu kwa juma. Wakaendelea hivyo hadi katikati ya mwezi Mei, ndipo wakahamia kwa mjomba, na tangu hapo wakawa wakisafiri kwa garimoshi kwenda kumwona.

Naye mzee huko ndani alikuwaje? Kulikuwa na siku za giza tupu, na kulikuwa na siku za mwanga, nazo siku za mwanga ndizo zilizokuwa kali zaidi, kwa maana alijua mahali alipo. Katika siku hizo alisema kwamba maisha yake yote alikuwa mtu wa kuamuru, na sasa imempasa kutii. Tena kwamba hakuwahi kupata la kumdhili, basi hili alilihitaji. Vitu vitamu alivyoletewa aliwagawia wagonjwa wenzake. Kofia ile ya stesheni, twaweza kusema, bado ilikuwa mkononi.

Mwezi Juni 1889 watu wa sheria walimjia na hati ya kumwondolea usimamizi wa mali yake. Kwa upande wa sheria jambo hilo lilikuwa la lazima, maana mgonjwa angeweza kupoteza kila kitu. Lakini walimjia siku ambayo akili ilikuwa timamu. Alitia sahihi, akalia kwa uchungu kuona kwamba watoto wake hawamwamini tena. Katika habari zote za maisha yake hakuna inayotuhuzunisha kama hiyo. Kalamu ilihitajika, naam. Lakini pamoja na kalamu alihitajika mtoto wake mmoja wa kukaa kando yake, amshike bega na kumweleza polepole.

Mwaka 1890 Thérèse akaweka nadhiri, na ikabaki ibada ya kupokea shela tarehe 24 Septemba. Céline alikuwa amepanga kwa siri mzee aletwe, ampe binti yake baraka. Mjomba akakataa dakika za mwisho, akiogopa mgonjwa asije akafadhaika mbele ya watu. Thérèse akalia siku ile hata wengine wakamshangaa. Hatumlaumu mjomba, lakini Céline naye hatuwezi kumlaumu.

Tumesema kwamba ugonjwa huu hutajwa kwa sauti ya chini. Katika kuwapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu tumewahi kupokewa katika nyumba nzuri, tukaonyeshwa wagonjwa wawili, tukakaribishwa chai. Tulipokuwa tukiondoka, mtoto mdogo akasema kwamba bibi naye yuko. Wakubwa wakatazamana. Bibi alikuwa katika chumba cha uani, mlango umefungwa kwa nje, shuka imelowa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka, tena waliona haya, kwa sababu bibi alikuwa akivua nguo mbele ya wageni na kuwatukana wakwe zake. Tuliingia. Alipoona stola akafanya ishara ya msalaba, polepole, pasipo kukosea hata kidogo, akaanza Salamu Maria kwa lugha ya kwao akaimaliza. Binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaficha uso katika kanga.

Yako mabaya kuliko mlango uliofungwa. Katika sehemu fulani za nchi yetu vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na mtu azungukaye usiku, asemaye peke yake na asiyewatambua wanawe ni rahisi kudhaniwa hivyo. Yatupasa kusema wazi kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, kama vile homa ya ini ilivyo ugonjwa wa ini. Madaktari huuita demensia, na watu zaidi ya milioni 55 duniani wanao, katika mataifa yote. Haukuletwa na mtu.

Turudi Ufaransa. Tarehe 10 Mei 1892 mjomba alimrudisha mzee Lisieux. Miguu ilikuwa imepooza, kwa hiyo hakuweza tena kutoroka wala kumdhuru mtu. Siku mbili baadaye wakamleta Karmeli, katika chumba cha maongezi, awaone binti zake watatu walio watawa. Thérèse hakuwa amemwona kwa miaka 3. Mzee hakuwa na maneno. Wakati wa kuagana aliinua macho yenye machozi, akanyosha kidole juu, akataja mbingu, neno moja tu. Hawakuonana tena.

Céline akapanga nyumba karibu na ya mjomba, akakaa humo na baba yake pamoja na Léonie. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 1893, Léonie akaingia tena utawani huko Caen, kwa Masista wa Visitasio. Céline akabaki. Alikuwa na miaka 24. Alikuwa na kipaji cha kuchora picha, alikuwa ameposwa akakataa, na moyo wake ulikuwa Karmeli tangu zamani. Dada zake watatu walikuwa ndani wakiimba zaburi. Wa nne naye amekwenda. Yeye alikuwa na mzee wa kulishwa, wa kugeuzwa kitandani, wa kutulizwa alipolia bila kujua analilia nini. Mzee huyo alilia mara nyingi.

Katika barua zake Thérèse hakuacha kumtia moyo dada yake. Aliziona siku zake na mgonjwa kuwa hazina, wala hakuona kwamba kazi ile ilikuwa kizuizi cha wito wa Céline. Baadaye aliandika kwamba miaka 3 ya mateso ya baba yao ilikuwa miaka yao ya thamani kuliko yote. Sisi mapadre tuyasikie hayo, maana mara nyingine twasifu wito wa wanaoondoka nyumbani kwa sauti kubwa hata anayebaki na mama mgonjwa akajiona kama amesahauliwa.

Tena Céline hakujitwika yote. Alimwajiri mtumishi mwanamume wa kumsaidia kumnyanyua na kumhudumia mzee. Twalitaja kwa makusudi. Katika makabila yetu mengi binti haruhusiwi kuona uchi wa baba yake, wala mkwe wa mkwewe, na heshima hiyo ni njema. Lakini tumeona wazee wakikaa na uchafu siku nzima kwa sababu mwana wa kiume yuko mjini na binti aogopa mwiko. Mahali pengine wajukuu huliondoa tatizo lote. Babu na mjukuu wana utani wao. Kijana humwita babu mume mwenzake, humwambia leo twaenda harusini sharti tuoge, na babu aliyekataa maji kwa wanawe tangu Jumatatu hucheka, akanyosha mkono.

Kwa maana kuoga ndiyo vita kubwa ya nyumba hizi. Mwenye kusahau huona watu wanamshika na kumvua nguo, asijue kwa nini. Hupiga, huuma, hupiga kelele. Wanaojua kazi hii hufika kwa mbele wala si kwa nyuma, humwita kwa jina la heshima alilozoea, humweleza kila jambo kabla ya kulitenda, moja moja. Maji huwa ya uvuguvugu na tayari katika beseni kabla mzee hajaguswa. Huanza na mikono na miguu, uso baadaye. Kanga au taulo humfunika muda wote, nayo huinuliwa pale panapooshwa tu. Humpa kitambaa kingine aoshe mwenyewe anachoweza, hata kama ni kifua peke yake. Akikataa kabisa, huacha, wakarudi baada ya saa moja. Aghlabu amekwisha kusahau kwamba alikataa. Na akisema kwamba mama yake anamngoja nyumbani, hawamwambii kwamba mama alikufa zamani, maana kila akiambiwa ataomboleza msiba upya. Humwuliza mama huyo alikuwa akipika nini. Yoshua bin Sira, katika sura ya 3 ya kitabu chake, alikwisha kuwaagiza watoto wamvumilie baba hata akili zikimwishia, na wasimdharau wakiwa wao wana nguvu zao.

Majira ya joto mwaka 1893, na tena mwaka 1894, Céline alimpeleka mzee La Musse, shamba kubwa lenye misitu ambalo mjomba alikuwa amelirithi. Walimsukuma katika kiti cha magurudumu chini ya miti. Jioni moja, giza likiingia, walisimama ndani kabisa ya msitu kumsikiliza ndege yule mdogo wa Ulaya aimbaye usiku. Mzee akasikiliza. Céline aliandika kwamba uso wa baba yake wakati ule hatausahau maisha yake yote. Mtu ambaye hakuweza kuendesha mazungumzo wala kushika kijiko vema alikuwa anausikia wimbo ule na kuufurahia. Aliyemtembeza asingejua kamwe kama asingesimamisha kiti.

Tarehe 27 Mei 1894 kiharusi kingine kikampata, akapewa Mpako Mtakatifu. Mwezi Juni moyo ukayumba. Mwanzoni mwa Julai wakampeleka tena La Musse, na huko, Jumapili tarehe 29 Julai, asubuhi, akafa, Céline akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka 70. Wakamzika Lisieux.

Tarehe 19 Oktoba 2008, huko huko Lisieux, yeye na Zélie walitangazwa wenye heri, na tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza watakatifu pamoja, mjini Roma, Sinodi juu ya familia ikiwa inaendelea. Kanisa liliwatangaza kwa maisha yao yote. Miaka ya Caen haikukatwa.

Céline aliingia Karmeli tarehe 14 Septemba 1894, wiki chache baada ya mazishi. Miaka mitatu baadaye, Thérèse alipokuwa akifa kwa kifua kikuu, monasteri ilimpa Céline kazi ya kusaidia katika chumba cha wagonjwa. Akalala katika kijumba cha pembeni ili apate kusikia akiitwa usiku. Alijua jinsi ya kumgeuza mgonjwa bila kumwumiza, na jinsi ya kukaa naye pasipo kusema neno.